Kompyuta ya Baba Huku Bofu

Bofu, Likoni
3 Machi 2025

Kwa Nguma,

Salamu. Sisi wazima, nawe bila shaka mzima, maana mbishi kama wewe haugui. Barua hii anakuletea jirani yangu Mwidani kwa kuwa namba yangu umeifungia kwenye simu yako.

Jana nilitaka kumsikiliza marehemu Baba. Ile kompyuta kuukuu uliyoiweka sebuleni kwangu itunze picha na sauti za familia nzima imeniambia sina ruhusa; umeniondoa ukiwa huko huko kwako. Sina ruhusa! Vumbi napangusa mimi, kelele zake nazivumilia mimi. Kosa langu nini? Nilikuomba Biblia ya Baba, ukaitia kwenye jeneza, nami nikakuita mwizi mbele ya watu. Bado nakuita.

Nirudishe humo kabla ya Jumapili.

Dada yako,
Purity

Changamwe
7 Machi

Dada Purity,

Shikamoo, kwa desturi tu. Watoto hawajambo? Mke wangu anakaribia kujifungua.

Sikurudishi. Baba tulimzika na vitu vyake, kama walivyozikwa wazee wake, na hukuwa na haki ya kunipigia makelele kaburini. Fundi ni mimi, nami ndiye nijuaye nani aingie. Niombe radhi kwanza. Na mashine usiiguse, wala betri yake ya akiba. Nimesema usiguse!

Ndugu yako,
Nguma

Bofu
10 Machi

Nguma,

Hatujambo. Radhi huipati ng'o.

Leo asubuhi nimechomoa waya wa ukutani na wa betri. Mashine nimeitia kwenye gunia la mchele, iko nyuma ya mlango, na pale pake nimeweka friji. Sasa sote wawili hatuna ruhusa.

Dada yako

Changamwe
2 Aprili

Dada yangu Purity,

Shikamoo. Natumai u mzima na nyumba yako yote.

Tumepata mtoto wa kiume. Nataka kumpa jina la kwetu, na majina ya mbari yetu kwa mpangilio wake aliyajua Baba peke yake. Nilimrekodi akiyataja yote. Kwenye simu nilishafuta, nikijua yako salama kwako.

Tafadhali iwashe. Ikizimwa na kuwashwa upya huuliza kwanza neno la siri, si lile langu la ufundi, na hilo mimi silijui. Nilimwambia Baba achague lake, asimwambie mtu, hata mimi. Kila stima ilipokatika na kurudi, aliliandika mwenyewe. Alipofariki nikaleta betri ili isizimike tena. Ningekueleza, lakini nilikuwa na hasira, tena niliona haya, fundi mzima sina ufunguo.

Wewe ulikaa naye. Unalijua? Nakusihi, dada.

Mdogo wako,
Nguma

Bofu
5 Aprili

Nguma,

Hongera kwa mtoto. Huku wazima, ila mimi tangu jana nalia tu.

Nimeiwasha. Nimeandika jina la Mama, la kijiji, langu, lako. Yote imeyakataa.

Baba alikuwa msahaulifu, wajua. Kila stima iliporudi aliniambia, "Purity, niletee Biblia." Nilidhani anaiombea mashine, hata nikamcheka. Kumbe alikuwa akifungua ukurasa wa mwisho, anavaa miwani, anachapa kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akiangalia pale.

Ukurasa huo uko kaburini, uliuweka wewe. Na waya niliuchomoa mimi.

Mtoto mwiteni mtakavyo.

Dada yako,
Purity