Chui mweupe, na Bénie amesimama pale

Chibalonza, tumetoka zoo sasa hivi. Niko kwenye gari, nakuandikia kwa hasira.

Kuna chui milia mweupe mule, ana makengeza. Kijana anayemtunza akasema kwenye maikrofoni, "Muone, anaangalia pua yake mwenyewe!" Watu wakacheka. Shemeji yangu Rodrigue naye akacheka!

Akacheka, Chibalonza! Na mwanangu Bénie na makengeza yake amesimama pale pale. Nikamwona anafunika jicho kwa mkono.

Nikauliza kwa sauti, "Macho yake yana nini?"

Yule kijana akajibu, "Ah, chui weupe wengi wako hivyo. Wazazi wake ni kaka na dada. Tusipowazalisha ndugu kwa ndugu, rangi hii inapotea." Huku anatabasamu!

Nikamwambia, "Mnamharibu makusudi, halafu mnamcheka?"

Rodrigue ananivuta mkono, "Shemeji, calm down, watu wanatuangalia." Watuangalie!

Tumeingia kwenye gari, Bénie akaniuliza, "Mummy, Uncle alikuwa anamcheka chui au ananicheka mimi?"

Rodrigue yuko hapa kwenye usukani. Amesikia. Mpaka sasa hajawasha gari.