Kisu Chako Sikukibeba Sokoni

Mjomba,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke na maneno. Tangu tukuzike, michungwa yako hapa Nandagala naihangaikia mimi, maana uliwaambia wote kuwa mpwa wako ndiye mwenye shamba. Ahsante, ila mgongo wangu haujashukuru bado.

Shida yetu unaijua. Machungwa ya huku huiva yakabaki kijani, hakuna baridi ya kuligeuza ganda. Wageni waliohamia kikazi wanaona tunawauzia mabichi. Wewe hukubishana nao. Ulitoa kisu, ukakata moja, ukasema, "Kula kwanza, rangi utaitafuta baadaye." Wakila wanacheka, wananunua. Mimi sina ulimi wako wala subira yako. Sokoni Ruangwa nilikuwa narudi na tenga kama nilivyoondoka nalo.

Basi nikafanya ulichokikataa. Nikaenda Nachingwea, duka la pembejeo, nikanunua ile dawa ya kuyapa matunda rangi. Muuzaji simsingizii, alinieleza vizuri: inageuza ganda tu, utamu haiongezi, chuma yaliyokomaa. Mimi nilisikia "rangi," mengine yakapita. Nikachuma mapema niwahi soko, nikayachovya kwenye beseni. Siku chache tu, manjano tupu! Nilifurahi, sikufichi. Kisha nikaonja moja. Lo! Uso wote ulinikunjamana. Nikayapanga tengani hivyo hivyo, na kisu chako nikakiacha makusudi juu ya kabati.

Yalinunuliwa, Mjomba. Kufika saa nne, nusu ya tenga ilishakwisha. Ndipo akaja yule mwalimu wa kutoka Bukoba, yule aliyekukatalia msimu mzima kabla hajakubali kuonja. Kwanza akanipa pole ya msiba, machozi yakamlenga. Akaangalia tenga.

"Yale ya kijani ya mzee yako wapi?"

Nikasema yameisha. Akaniambia basi nimkatie moja la haya aonje, kama ulivyokuwa ukimfanyia. Nikajipapasa kiunoni, kama mtu anayetafuta kweli.

"Kisu nimesahau, mwalimu."

Hakugomba. Alichukua mawili, nadhani kwa ajili yako, akaenda zake. Hayo mawili ndiyo yanayoniumiza. Atayamenya nyumbani, atawaambia wanawe haya ni ya yule mzee.

Niliinuka hapo hapo, sikuuza tena. Yaliyobaki nimeyafukia nyuma ya choo. Naona haya, Mjomba, na bado nimechoka, na Jumapili soko lipo pale pale.

Yaliyoko mtini nayaacha yakomae, yawe kijani yatakavyo. Ya kwanza nitampelekea mwalimu, nimweleze nilichofanya, nimkatie mbele ya macho yake. Akinifukuza, ana haki. Nakuahidi hilo tu, mengine sina nguvu ya kuyaahidi.

Pumzika, Mjomba, Mungu akupe kauli thabiti. Kisu nimekinoa asubuhi.

Mpwa wako.