Faili la Dada

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu, anasema umemsusa.

Kazi yangu ni ile ile, kuwapigia watu chapa barua na maombi hapa sebuleni, mlango wazi kutwa. Utakumbuka siku uliyoniletea karatasi zako za hospitali nizitie kwenye kompyuta, nizitume kwa daktari wa pili. Uliona neno la siri nimeliandika kwenye kikaratasi na kukibandika pembeni ya kioo. Ukasema hiyo ni kufunga mlango na kuacha ufunguo kitasani. Nikacheka. Ukaniagiza nizifute nikishazituma, nami nikaitikia ndiyo dada, ndiyo dada, mpaka ukaridhika. Sikuzifuta.

Kompyuta ile iliibiwa, dada. Mvua ilianza, nikakimbilia uani kuanua nguo. Niliporudi meza ilikuwa tupu. Nilikuficha. Nilijiambia kilichokwenda ni chombo tu.

Juzi polisi waliniita. Wameikuta kwa kinyozi wa mtaani kwenu, aliyeinunua kwa mtu asiyemjua. Amekiri kwamba aliifungua kwa neno lile lile, kikaratasi kikiwa bado kimebandikwa, akakuta jina lako na habari ya kifafa chako. Binti yake unamfundisha wewe. Akawaonyesha wazazi wenzake.

Kwa hiyo aliyeitoa siri hakuwa shoga yako mshonaji. Miezi saba umemnunia, kwa kuwa nje ya sisi wawili ni yeye tu aliyejua. Na siku ulipotolewa darasani kwa malalamiko ya wazazi ukapelekwa stoo ya vitabu, ukaja kwangu kulia na kumlaumu, mimi nilikuwa nimeshaanza kushuku kompyuta yangu. Nilinyamaza. Tena si kunyamaza tu, nilikusaidia kumsema. Nilisema wanawake wa cherehani hawana siri. Maneno hayo yananikata maini kuliko wizi wenyewe.

Jana nilikwenda kwake. Nilimweleza yote nimesimama mlangoni, macho chini. Aliacha kushona. Nilingoja anitukane, ningefarijika. Badala yake akauliza, “Dawa zake anakunywa?” Nikasema sijui. Akasema, “Kaka mtu hujui?” Kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Jumatatu nitakwenda kwa mwalimu mkuu, nimweleze siri yako ilivyotoka na kwamba aliyeizembea ni mimi. Ukitaka tuongozane, nitakupitia. Usipotaka kuniona, nitakwenda peke yangu. Sikuombi msamaha leo, sina uso wa kuuombea. Ninachokuomba ni kimoja: ukimaliza kusoma barua hii, mwandikie shoga yako kwanza. Mimi naweza kungoja.

Wabusu wapwa zangu wote.

Mdogo wako asiye na la kujitetea,
Kitindamimba