Duka la Dada Linadai Nenosiri

Dada,

Chai iko kwenye chupa. Mlango wa uani unagoma, usukume kwa bega.

Wateja wakipiga simu, waambie duka lako la mtandaoni halijafungwa. Asubuhi ulipolifungua ukakuta ukurasa unaodai nenosiri, ukasema, “Duka langu mwenyewe linaniuliza mimi ni nani!” Mama akacheka. Wewe hukucheka, nami nikajifanya natafuta viatu.

Nilitaka kukuwekea ghala la picha za mishono yako palepale mtandaoni unapokodi nafasi ya duka, ili hata simu ikiibiwa usipoteze kitu. Programu ikadai folda iwe tupu kwanza. Nikaifagia bila kuangalia nafagia nini. Kumbe ndilo duka; ule ukurasa wa nenosiri ni mlango wa ghala langu.

~~Sikujua kama haifai.~~ Ulinionya nisiguse kitu mpaka urudi. Ni kimbelembele changu tu.

Nimekimbilia kwa fundi wa kompyuta, huenda wenye mtambo unaowalipa kodi wana nakala ya jana. Lile gauni la harusi ulilolipiga picha kabla mwenyewe hajalichukua, sijui kama picha yake tutaipata.

Ghala lenyewe linafanya kazi vizuri sana, Dada. Halina kitu ndani.

Kitindamimba wenu