Nimemkamata Mjumbe wa Mwanaidi

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Kibaha. Mvua ya kijinga, ile isiyonyesha wala kuacha.

Oya msomaji, mpiga mbizi wangu, habari za huko juu? Mimi bado niko chini. Leo sina mbwembwe, naandika haraka kabla sijajipa sababu za kutoandika.

Nimekamata samaki ambaye hakuwa wangu.

Ngoja nikupange, maana ukiingia katikati utadhani nimeiba kwenye bwawa la mtu. Ni gemu. Unamzamisha mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni kwenye bahari ya kuchorwa. Hakuna adui, hakuna bunduki. Kazi ni mbili tu: kuokota vitu vilivyozama, viko sitini, na kukamata samaki, wako aina arobaini. Samaki ukimkamata anaingia kwenye tangi lako la kioo, gemu linapiga picha, linaandika siku na saa. Hatoki tena. Ukimaliza vyote, yanapita majina ya waliolitengeneza, bahari inafungwa, basi.

Nacheza na binamu yangu Mwanaidi. Faili moja, watu wawili. Alikaa kwetu miaka miwili akisoma ualimu, tukaanza hapo, kwenye laptop niliyoifufua mwenyewe kwa kuangalia video. Alipomaliza chuo akarudi kwao Mzenga, anajitolea kufundisha shule ya msingi. Nikamfufulia na yeye ya kwake. Pamoja na hiyo laptop, bado ananiita Fundi Kubahatisha.

Tuligawana siku ya kwanza. Mimi vitu, yeye samaki. Kwa sababu yeye ana subira na mimi nina mikono.

Faili linasafiri kwa flash, na flash inasafiri kwenye pindo la kanga la mama yake, yaani shangazi yangu. Kila mwezi shangazi anakuja hospitali ya Tumbi, kliniki ya presha. Anafika kwetu Alhamisi, anaondoka Jumatatu. Hizo siku nne ni zangu. Mwezi uliobaki ni wa Mwanaidi. Mtu ataniuliza kwa nini tusitumiane mtandaoni. Kule kwao mtandao unakamata ukisimama nyuma ya vyoo vya shule, halafu uinue mkono. Kumpigia mtu simu unaweza. Kutuma faili, utazeeka umenyoosha mkono.

Halafu tumezoea pindo la kanga. Niseme ukweli.

Shangazi naye kazoea. Juzi Alhamisi kalifungua fundo, kaniwekea flash mkononi, kasema, "Haya, samaki wenu hawa. Mwaka sasa nawabeba, sijaonja hata mkia."

Samaki wa arobaini tulimpa jina Mjumbe. Ni kama mjumbe wa mtaa: unaye, unajua na anapokaa, ila siku unayotaka barua yake hayupo. Mwanaidi anamvizia tangu mwaka jana. Anaandika kwenye daftari la shule lenye kava la bluu, na daftari linakuja na flash kila mwezi ili nione kafikia wapi. Kila mara ni lilelile: bado.

Sasa sikia nilivyofika kwenye uchafu huu.

Ijumaa niliokota kitu cha sitini. Filimbi ya nahodha, ilikuwa imelala kwenye mchanga chini ya nanga ya meli iliyozama. Miezi nimepita juu ya ile nanga kama mjinga. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko akidhani kuna mwizi. Sitini kwa sitini! Nilizunguka chumba mara tatu.

Halafu nikakaa. Halafu nikagundua sina kazi tena.

Hilo ndilo tatizo langu na halijaanza juzi. Kitu kikiisha mikono inawasha. Jana nimetoka kiwandani Zegereni, tunapopakia ndoo za plastiki, nimefika, nimeoga, nimekula, nimekaa. Flash iko pale. Daftari liko pale. Nikasema nisome tu. Kusoma siyo kugusa.

Ukurasa wa Mjumbe una maandishi ya mwalimu kabisa, ya kupigiwa mstari. Nenda kwenye bomba la moshi la meli iliyozama. Subiri mvua inyeshe huko juu. Zima tochi. Usisogee. Subiri mpaka hewa ibaki robo.

Nikasoma hayo, nikafunga daftari. Mimi siyo mtu wa kusoma maelekezo mpaka mwisho. Ndivyo nilivyojifunza kila kitu ninachokijua, na ndivyo nilivyoharibu kila nilichowahi kuharibu.

Nikazama mara ya kwanza. Nikasogea. Ya pili nikasogea. Ya tatu niliwasha tochi kuangalia kama nimezima tochi. Usicheke. Gemu likikwambia usiguse kitu dakika nzima, wewe jaribu.

Mara ya nne nimeshuka tu, nimezima tochi, nasikia sebuleni:

"We fundi!"

"Naam, shangazi."

"Njoo unisomee hiki cha daktari. Miwani nimeiacha Mzenga."

Huwezi kumjibu shangazi ukiwa umempa mgongo na macho yako kwenye skrini. Labda kwenu. Nikaiacha mausi, nikaenda, nikachukua kile kikaratasi cha dawa.

"Moja asubuhi, moja jioni, baada ya kula."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mbona maandishi ni mengi na wewe umesema machache? Geuza na nyuma."

Nikageuza. Nyuma kulikuwa kumeandikwa asiache dawa hata akijisikia nafuu.

"Umeona?" akasema. "Mimi nilikuwa naziacha kesho kutwa. Kichwa chepesi, nikajua nimepona. Wewe unasoma kama kuku anavyodonoa."

Nikacheka, nikamletea maji, akanituma na mto wa mgongo, nikaleta mto. Niliporudi chumbani hewa ilikuwa imebaki robo.

Na alikuwepo.

Mpiga mbizi wangu, sijui nikuelezeje. Mbaya wa sura! Kijivu, paji la uso limetoka kama la mtu mwenye madeni, ndevu mbili kama kambare. Yuko mbele ya kioo cha miwani yangu, hatikisiki, ananiangalia. Siyo kwa hofu. Kama vile alikuwa anamtegemea mtu mwingine.

Nilibofya.

Sikufikiri. Ningependa kuandika hapa kwamba nilipambana na nafsi. Sikupambana. Mkono ulikwenda.

Arobaini kwa arobaini. Picha. Siku na saa. Majina ya watu nisiowajua yakapita, muziki wa taratibu, skrini ikawa nyeusi, ikarudi kwenye mwanzo. Pale pa kuendelea pamekuwa na rangi ya kijivu, hapabofyeki.

Nilikaa nikasubiri furaha. Haikuja. Nikaenda kula muhogo.

Leo asubuhi Mwanaidi kapiga simu. Nilisikia upepo na mbuzi, nikajua yuko nyuma ya vyoo.

"Fundi Kubahatisha! Mama kameza dawa?"

"Kameza. Kwa risala."

"Na samaki wangu mzima?"

Hapo ndipo ningesema. Pale pale. Binamu kwa binamu tunataniana mpaka matusi, hakuna neno ambalo lingeshindwa kupita. Ningesema nimemla na ugali, angenitukana, angekasirika wiki moja, tungeendelea.

"Mzima," nikasema. "Anakusalimia."

"Usimguse, nakwambia. Nitakuja huko nikuchape mbele ya mama yako."

"Nani amguse? Mbaya vile."

Mbuzi mmoja akalia.

"Kwani umemwona wapi ubaya wake?"

Nikasema kwenye daftari umeandika. Simu ikakatika. Mkono wake ulichoka au mtandao, sijui.

Sasa kuna kitu sijakwambia. Kila flash ikifika, kabla sijagusa chochote, nachukua kopi. Nilijifunza hiyo baada ya kumfutia mtu picha za harusi. Mpaka leo tukipishana anaangalia juu. Kwa hiyo kopi ya Alhamisi ninayo. Mjumbe yuko huru ndani yake. Narudisha kopi, nafuta hili jipya, nampa shangazi, hakuna ajuaye. Kazi ya dakika mbili. Nilishaamua. Nilikuwa nimetulia kabisa, kama fundi.

Nikachukua daftari kuangalia kama kweli kaandika kwamba ni mbaya, nisije nikashikwa na uongo wa pili juu ya wa kwanza. Ukurasa ule hakuna. Nikausoma wote mpaka mstari wa mwisho, hakuna.

Nikageuza na nyuma.

Naandika kama ilivyoandikwa. Kwa penseli, herufi ndogo.

"Jumanne, baada ya vipindi. Katokea. Kaja mpaka kwenye kioo. Nimemwacha."

Chini yake: "Katokea tena. Nimemwacha."

Chini yake tena: "Mara ya tatu. Sasa ananijua huyu. Nikimkamata gemu limeisha, na Fundi namjua, hakai na kitu kilichoisha, atatafuta kingine. Mama atakuwa anakuja kliniki na kanga tupu. Acha akae. Naandika huku nyuma maana Fundi hageuzi."

Nimesoma mara nne. Mvua ilikuwa ileile.

Sikulia. Nasema tu kwa sababu watu mnapenda kujua. Nilikaa nikahesabu misumari ya dari. Nilichokuwa nafikiria ni kitu kidogo sana: mara tatu alikuwa na kidole juu ya mausi na akakitoa. Mimi sijawahi kutoa kidole juu ya kitu chochote maishani mwangu.

Na kwamba siku zote nilidhani ni mimi ninayemsubiri yeye.

Mchana huu wakati wa kula shangazi kauliza mzigo wake kama uko tayari, hataki kukimbizana asubuhi. Nikasema bado kidogo. Akasema, "Fanya. Mwenzio siku nikirudi na hiyo kitu hali chakula, mpaka aifungue kwanza. Ubwabwa unapoa namwangalia tu." Akamega kisamvu. "Sijui mnachoandikiana humo."

Hatuandikiani kitu, shangazi. Tunakamata samaki.

Kwa hiyo niko hapa na mafaili mawili.

Moja limeisha. Lina picha ya Mjumbe ndani ya tangi, siku ya jana, saa ya jana, saa ambayo Mwanaidi alikuwa Mzenga na mimi nilikuwa hapa. Nikimpelekea hilo nimesema ukweli, na nimemaliza kila kitu alichokuwa anakilinda. Nitakuwa mkweli mwenye kanga tupu.

La pili ni kopi ya Alhamisi. Mjumbe anaogelea. Na filimbi yangu imerudi mchangani chini ya nanga, kwa sababu nimeiokota Ijumaa. Hilo nimeligundua sasa hivi, wakati naandika sentensi hii, na nimeliangalia sana. Naijua ilipo. Naweza kuwa napita juu yake kila mwezi, siku nne, na kutoa kidole. Yeye ana wa kwake wa kumwacha, mimi nina ya kwangu ya kuiacha. Bahari haifungwi.

Ila hapo ndipo panaponisumbua. Yeye alimwacha kwa sababu hajawahi kumshika. Mimi nimeshamshika. Nikimrudisha na kunyamaza, ni kumwacha au ni kuficha? Kila akiniuliza kama samaki wake mzima, nitajibu nini, anakusalimia tena? Na nikimwandikia kwa penseli chini ya yale maneno yake kwamba nimegeuza, nimesoma, atajua pia kwa nini nilikuwa nalishika daftari, kwamba samaki nilishamkamata. Hatakuwa tena na mahali pa kuandika nisipopaona. Hako kanyuma kalikuwa kake.

Penseli ninayo. Nimeichonga mara mbili, imebaki fupi.

Mvua imeacha. Nasikia shangazi anakung'uta kanga mlangoni. Anataka kulala mapema, kesho alfajiri anaondoka, na fundo analifunga mwenyewe usiku huu, hamwachii mtu.

Haya. Umesikia yote, na nyuma umegeuza. Ungekuwa wewe, mpiga mbizi wangu, ungempa faili lipi afunge?