Picha ya Mwenyekiti Akinywa Maji

4 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kuliko majiko yote niliyowahi kuyagonga kwa bati. Sisi huku tunapumua. Mimi ni mzima kama chuma, mgongo tu ndio unaniletea siasa. Wewe je? Unakula? Mama yako anasema kwenye simu hata sauti yako imekonda.

Sasa tafuta kiti ukae. Mjomba wako ni mwenyekiti! Lile shirika unalofanyia kazi huko mji mkuu limetufikia mtaani. Wametuita semina kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Bwana wa semina akabandika makaratasi makubwa ukutani, akauliza, "Kero yenu ni nini?" Macho ya watu yapo kwenye kreti la soda. Nikasimama mimi, mtu wa darasa la sita tena sikulimaliza. Nikasema kero yetu ni kiwanda cha ngozi. Kinamwaga maji yake machafu kwenye kijito, visima vya kando vinanuka, na kila anayefua pale anachubuka mikono. Yule bwana aliacha kuandika, akabaki kunitazama kama nahutubia taifa. Wakanipa kura zote, hata ya mama mshonaji wa pale kona, ambaye salamu yangu huwa anaitikia nusu.

Tumefundishwa kwamba serikali ina kazi yake, kiwanda kina kazi yake, na sisi raia tuna sauti yetu, shirika linatushika mkono tu. Nimejengewa uwezo, mpwa wangu, mpaka uwezo unamwagika. Wataleta wapima maji, halafu Tume ya Mazingira itakuja kutusikiliza sisi na kiwanda. Tume ikisema bomba lifungwe, linafungwa.

Mama yako bado anafua nguo za watu kule kijitoni. Nimemwambia apumzike, akaniambia basi nimlishe mimi. Mikono yake si mizuri.

Mimi Mjomba wako,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kijito


17 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo, na ninakula, mwambie Mama. Natumaini mgongo umeacha siasa.

Hongera ya uenyekiti. Nimefurahi na nimeogopa vyote kwa pamoja. Mimi hapa ofisini nimewekwa chumba cha taarifa. Wenzangu wakirudi kutoka mitaani na maneno waliyorekodi, mimi ndiye ninayeyaandika yasomeke. Mwezi ujao wanakuja kwenu pamoja na mgeni kutoka kwa wafadhili. Hawa watu wanataka kuona matunda. Wasipoyaona wanahamia kwingine, na wakihama hatuna wa kulipia upimaji wa maji.

Lakini Mjomba, nakuomba kama binti yako, waambie yaliyopo tu. Habari ya chui uliyempiga kofi iache nyumbani.

Na Mama ananificha. Wewe niandikie alivyo, usipunguze wala usiongeze.

Mpwa wako


9 Machi

Mpwa wangu,

Salamu za ushindi! Hujambo huko? Huku hatujambo, na mimi ndiyo zaidi, maana nimeliokoa shirika lenu.

Wageni walikuja. Mfadhili ni mama mrefu mwenye kofia pana kama sinia, mpole, anatikisa kichwa hata kabla hujasema. Walikaa hapa hapa kibandani kwangu, juu ya madebe. Yule bwana wa semina akaweka kinasa sauti kwenye jiko jipya, akasema, "Mwenyekiti, tangu mradi uanze kuna mabadiliko gani?" Nikamtazama. Macho yake yananiomba, mpwa wangu. Ungemwona ungemhurumia.

Basi nikawapa mabadiliko. Nikasema nilikwenda langoni pa kiwanda na mfuniko wa sufuria na nyundo, nikaugonga mpaka walinzi wakakimbia na kuacha viatu. Meneja akatoka na soksi tu miguuni, akaniuliza, "Wewe ni nani?" Nikamwambia, "Mimi ni raia." Akaenda mwenyewe kufunga bomba, jasho linamtoka. Nikasema sasa samaki wamerudi kijitoni, tena wanene, mmoja alinikonyeza. Yule mama akacheka mpaka akaishika kofia.

Akauliza, "Kwa hiyo maji sasa yanafaa?" Mimi nikachukua glasi, nikaijaza, nikainywa yote mbele yao, wakapiga picha. Usishtuke. Maji yalitoka kwenye dumu la muuza maji, ila dumu nilikuwa nimelikalisha upande wa kijito, na mimi sikutaja lilikotoka.

Najua nilitia chumvi. Lakini ni wewe uliyesema wanataka matunda. Nilikuwa na la kufanya?

Mama yako amefunga vitambaa mikononi. Anasema ni joto tu.

Mjomba wako,
Mwenyekiti


2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mu wazima. Mimi sipo sawa, na salamu zangu leo ni fupi.

Picha yako imetoka kwenye jalada la taarifa yetu ya mwaka. Unakunywa, unacheka, na chini pameandikwa, "Kijito kimerudi kuwa hai." Wakili wa kiwanda ameichukua nakala akaipeleka kwa Tume. Anauliza, kama mwenyekiti wa walalamikaji mwenyewe anayanywa, malalamiko ni ya nini? Tume inafikiria kulifuta shauri kabla hata ya kuwasikiliza.

Na si hilo tu. Wafadhili wamefurahi, wakasema kwenu kazi imekwisha, fedha zimepelekwa kwingine. Hakuna atakayerudi kupima maji. Nilimwendea mkurugenzi nikamwambia tuisahihishe taarifa. Akafunga mlango. Akasema, "Binti, tukisema hiyo ni ya uongo, wataamini ipi kati ya zile nyingine? Kuna zahanati, kuna visima, kuna watu mia na zaidi wanaokula kupitia hapa. Nyamaza." Mjomba, nilirudi mezani kwangu, kwa sababu hasemi uongo. Hizo zahanati zipo.

Bomba lilifungwa hata siku moja? Na vitambaa vya Mama ni vya nini?

Mpwa wako


14 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Tupo.

Bomba halijafungwa. Linatoa maji ya kahawia asubuhi na ya bluu jioni. Sasa umejibiwa.

Lakini na mimi niulize. Nani aliniuliza kama ni kweli? Yule bwana wa semina alipita juu ya kijito kuja kwangu, akaziba pua na leso! Yule mama wa kofia naye aliruka matope yale yale. Wana macho, wana pua, wamesoma mpaka shule zimewachoka. Halafu mwongo ni mimi peke yangu, fundi majiko?

Nimeandika hayo kwa hasira. Siyafuti, karatasi ni hii moja.

Jana kamati ilikutana. Mshonaji alikuja na taarifa yenu, sijui aliipata wapi, akaiweka mezani kama mtu anayeweka samaki aliyeoza. Akatoa chupa mfukoni mwa gauni, akamimina kwenye glasi. Maji ya kijito.

"Mwenyekiti," akasema, "kunywa basi, na sisi tuone."

"Mama, tuongee kama watu wazima."

"Watu wazima ndio hawa wamekuja kutazama. Kunywa. Au samaki wako watakosa pa kukaa?"

Watu wakacheka, lakini si kile kicheko changu nilichokizoea. Sikunywa. Glasi ilikaa mbele yangu mpaka kikao kikaisha, na povu lake. Tangu jana mtaani naitwa Konyeza.

Mama yako alikuwepo. Hakucheka, wala hakunitetea. Ameacha kufua, mpwa wangu. Ngozi ya viganja inabambuka kama maganda, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Hapo sijaongeza.

Mjomba wako


23 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kazini, nikaenda kujifungia chooni.

Umeuliza nani alikuuliza kama ni kweli. Mimi ndiye niliyepaswa kukuuliza. Sauti yako ililetwa mezani kwangu. Nilisikia walinzi wanaacha viatu, nikacheka peke yangu, nikajua huyu ni Mjomba na yale yale. Samaki anayekonyeza nilimtoa, nikaacha waliorudi. Sentensi ile ya jalada ni yangu.

Tume imekubali kusikiliza mara moja tu, tarehe kumi Mei, kwenye darasa lile lile. Nimewaandikia kwa jina langu, si kwa jina la shirika, kwamba sikuhakikisha nilichoandika. Mkurugenzi akijua, kazi sina. Lakini barua yangu haitoshi, mimi sikuwepo. Aliyekunywa ni wewe. Wakili atakufanya kitambaa cha kufutia viatu mbele ya mtaa mzima, na mimi sina cha kukupa kwa hilo.

Nenda, Mjomba.

Mpwa wako


12 Mei

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Nilikwenda.

Tume ni watu watatu na feni. Wakili wa kiwanda ana sauti laini, anakuita "mzee wangu" huku anakuchuna. Akainua picha. "Mzee wangu, huyu ni nani?" Nikasema ni mimi. "Unakunywa nini?" Nikasema maji ya muuza maji, yametoka kwenye dumu. Darasa zima likaguna. "Na meneja na soksi zake?" Nikasema meneja sijawahi kumwona. "Na samaki?" Nikasema hakuna samaki.

"Kwa hiyo mzee wangu ni mwongo."

Nikasema ndiyo.

"Basi leo tukuamini kwa nini?"

Mpwa wangu, unanijua. Sijawahi kukosa jibu toka nijue kusema. Pale nilitafuta, nikatafuta tena, halikuwepo.

Ndipo mshonaji akasema kutoka nyuma, bila kuruhusiwa, "Huyo ni mwongo, tunamjua siku zote, hata dada yake anamjua. Na sisi wengine je? Sisi tumewadanganya lini?" Mkuu wa Tume akamwambia akae. Hakukaa. Akasimama na muuza mkaa, na mwalimu wa darasa la pili, na watu wengine wasioongea hata kwenye harusi. Mama yako akaenda mpaka mezani, akafungua vitambaa, akaweka mikono juu ya makaratasi yao. Wakili ndiye aliyeangalia pembeni.

Shauri halikufutwa. Limeahirishwa mpaka maji yapimwe upya. Yule wakili alicheka kidogo, maana anajua hatuna wa kuyapima.

Niandikie. Nataka kujua kazini wamesemaje.

Mjomba wako


26 Juni

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, popote ilipokukuta. Simu yako haiiti. Mwenzako wa ofisini aliniambia ulibeba vitu vyako kwenye boksi mwezi uliopita, na hakujua ulikoelekea. Hakutaka kuongea sana.

Shirika lilikuja na gari likang'oa kibao chake. Bwana wa semina alinipa mkono, alikuwa na aibu, na mimi pia. Hakuwa mtu mbaya.

Kamati bado inakutana. Uenyekiti wamempa mshonaji, mimi napanga viti. Watu wa mtaa wa chini wamejiunga, maana kijito kinawafikia na wao. Tumeandika kwa idara ya maji tukiomba kupimiwa, mwalimu ameshika kalamu. Hawajajibu.

Mama yako anashika kikombe kwa mikono miwili. Daktari anasema vile vidole viwili vitabaki hivyo. Usiku anauliza habari zako, na mimi zamani ningemtungia, kwamba umepandishwa cheo, umenunua kabati. Sasa hivi watu wananiuliza Tume itarudi lini, dada yangu ananiuliza binti yake yuko wapi, nami nawajibu wote jibu moja, kwamba sijui.

Mjomba wako