Maji Yaliyotoka Kusini

Mjukuu wangu Wambui,

Huku kijijini Ziwa tuko salama. Mahindi yamebeba na nyanya yako amepona mguu.

Umeniuliza kwa nini tulirudi hapa baada ya kufukuzwa na kuambiwa turudi kwetu wakati wa vurugu za uchaguzi. Nikiwa kijana nilifanya kazi kwenye meli ya kupima bahari, kama hiyo unayofanyia kazi wewe. Siku moja tulivuta maji kutoka kilindini, baridi kama barafu. Mtaalamu akasema yametoka kusini kabisa, mbali sana. Nikamuuliza, "Yatarudi lini kwao?" Akacheka. "Kwao ni wapi? Yako hapa sasa."

Tukiwa kambini Eldoret, jirani yetu wa huku Ziwa, Kiprono, alikuja. "Mzee, ng'ombe wako ninawakamua kila siku. Rudini nyumbani." Jioni hiyo nilimwambia nyanya yako afunge mizigo.

Vaa sweta huko baharini.

Babu yako